Kompyuta inayotuma spamu bila mwenyewe kujua: ginsi ya kuitafuta ndani ya mtandao wa ofisi

Shirika dogo linaandika barua ya kuomba msaada. Barua inaenda kwa imeli siku mbili mbele ya tarehe ya mwisho. Nyuma ya dakika moja inarudi, pamoja na ujumbe wa Kiingereza wenye kuanza na namba 550 ao 554. Wanatuma tena, inarudi tena. Katibu anafikiri adresi imeandikwa vibaya. Mkubwa wa ofisi anafikiri ni koneksion mbaya. Kumbe sababu iko ndani ya ofisi yenyewe: moja ya mashini zao inatuma barua-taka kwa maelfu, usiku na mchana, na adresi ya ofisi imekwisha kuandikwa kwenye orodha nyeusi.

Jambo hili linaweza kufikia kila fasi: ofisi ya ONG, hospitali, shule, siber, ata radio. Huku mashariki, iwe Goma, Bukavu, Bunia, Uvira, Kindu ao Kalemie, mara mingi watu kumi ao ishirini wanatumia koneksion moja, ya antena ya satelaiti ao ya modemu. Mashini moja ikipata ugonjwa, wote wanalipa: mega zinaisha, imeli hazifiki, na feza iliyotumiwa kununua koneksion inaenda kwa kazi ya wezi.

Makala hii inaeleza ugonjwa huo unatoka wapi, dalili zake, na ginsi fundi ao mfanyakazi mwenye kujua kidogo kompyuta anaweza kutafuta mashini mbaya mpaka kuipata.

Spamu inatoka wapi

Spamu ni barua pepe ya matangazo ao ya udanganyifu inayotumwa kwa watu wengi ambao hawakuiomba. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta DEC ya Marekani. Ilienda kwa watu karibu 400 kwenye mtandao ARPANET, na wengi walikasirika.

Mwanzoni, mtu wa spamu alitumia mashini zake mwenyewe. Lakini mashini hizo zilijulikana haraka na kufungiwa njia. Basi wezi wakabadilisha mbinu: badala ya kutumia mashini yao, wanateka mashini za watu wengine. Virusi inaingia ndani ya kompyuta ya mtu, inakaa kimya, na inangojea amri kutoka mbali. Kundi la mashini zilizotekwa hivi, zinazofwata amri ya bwana mmoja, linaitwa botineti. Mwenye mashini anaendelea kuandika ripoti zake na kusikiliza muziki, hajui kama ndani mwake kuna mfanyakazi mwingine.

Ukubwa wa biashara hii ulionekana wazi tarehe 11 Novemba 2008. Siku hiyo, kampuni moja ya San Jose, Marekani, yenye jina McColo, ilikatwa kwenye intaneti. Ndani ya nyumba yake njo kulikuwa seva za kutoa amri kwa botineti kadhaa kubwa. Spamu ya dunia nzima ilishuka mara moja, zaidi ya nusu kufwatana na hesabu za wale wanaoichunguza. Mashini zilizotekwa zilikuwa bado zimeenea kila nchi, lakini askari hawakuwa tena na mkubwa wa kuwatuma. Kisha wezi walijipanga upya kwingine.

Tarehe 16 Machi 2011, kampuni Microsoft pamoja na wakuu wa sheria wa Marekani walikamata seva za botineti Rustock. Microsoft ilikadiria kwamba Rustock ilikuwa imeteka mashini karibu milioni moja, na ilikuwa na uwezo wa kutuma mpaka miliari 30 za spamu kwa siku. Katika Januari 2021, polisi wa nchi mbalimbali kwa msaada wa Europol walivunja Emotet, ambayo ilienea kwa njia ya dokima za Word zilizoambatanishwa na imeli. Emotet ilikuwa na ujanja mbaya: iliiba mazungumzo ya kweli ndani ya sanduku la mtu, kisha ikajibu sawa vile ni yeye mwenyewe anayeandika.

Mlango 25

Ili kutambua mashini mbaya, lazima kwanza kujua ginsi imeli inasafiri. Kila huduma ya intaneti ina namba ya mlango wake. Imeli kati ya seva na seva inapita kwenye mlango 25. Kanuni hiyo, inayoitwa SMTP, iliandikwa katika mwaka 1982, wakati watu wa intaneti walikuwa wachache na walijuana. Haikuwa na kufuli.

Mashini ya kawaida ya ofisi haina haja ya mlango 25. Mfanyakazi akitumia imeli ndani ya kivinjari, anapita kwenye mlango 443, sawa na kurasa zingine. Akitumia programu kama Outlook ao Thunderbird, anapita kwenye mlango 587 ao 465, na anaombwa jina na neno la siri. Ni sawa na mtu anayepeleka barua posta: anaitoa kwa karani, na posta njo inaipeleka mbali.

Mashini yenye virusi ya spamu haipiti posta. Inabeba barua yenyewe na kugonga mlango wa kila seva duniani: moja Brazili, nyingine Ufaransa, nyingine Japani, kwa sekunde chache. Kwa hiyo, kompyuta ya ofisi ikionekana inagonga milango 25 ya seva mingi tofauti, karibu hakuna maelezo mengine. Mashini hiyo ni mgonjwa.

Kuna alama nyingine ya namna hiyo. Mbele ya kupeleka barua, seva ya imeli inauliza kitabu cha majina cha intaneti (DNS) swali la pekee, linaloitwa MX: «Seva ya imeli ya watu hawa iko wapi?» Seva za imeli zinauliza swali hilo kila dakika. Kompyuta ya katibu haina sababu ya kuliuliza. Ikiuliza mamia ya maswali ya MX kwa saa moja, fundi anajua fasi ya kuangalia.

Adresi moja kwa wote

Ndani ya ofisi kila mashini ina adresi yake ndogo, mfano 192.168.1.12 ao 10.0.0.5. Lakini inje, intaneti haizioni. Ruta inazificha zote nyuma ya adresi moja ya inje. Ni sawa na parseli yenye nyumba mingi na namba moja tu kwenye mlango wa barabara: mwenye kupokea jiwe anaona namba ya parseli, hajui ni mtoto wa nyumba gani amelitupa.

Kwa hiyo, orodha nyeusi inasema tu: «Adresi hii inatuma spamu.» Haisemi ni mashini gani. Kazi ya kutafuta inabaki kwa wenye nyumba.

Shida inaweza kwenda mbali zaidi. Kampuni mingi za simu zinaweka wateja wengi nyuma ya adresi moja. Ofisi inaweza basi kufungiwa njia kwa kosa la mteja mwingine asiyejulikana. Njia ya kuhakikisha ni hii: angalia adresi ambayo ruta yenyewe imepewa upande wa inje, kisha linganisha na ile ambayo ukurasa wa intaneti wa kuonyesha adresi unakuambia. Kama ni tofauti, na ile ya ruta inaanza na 10. ao iko kati ya 100.64 na 100.127, jua kwamba mnagawana adresi na wengine. Hapo lazima kupigia kampuni inayowauzia koneksion. Lakini mbele ya kuwapigia, ni vizuri kuhakikisha kwamba nyumba yako mwenyewe ni safi.

Dalili za kwanza

Kwanza, imeli zinarudi. Namba yenye kuanza na 5 maana yake seva imekataa kabisa. Yenye kuanza na 4 maana yake ijaribiwe tena nyuma ya muda. Ujumbe huo usifutwe. Mara mingi ndani yake kuna jina la orodha nyeusi iliyotumiwa.

Pili, mega zinaisha mbio. Hesabu ni rahisi: mashini ikituma barua moja kila sekunde, kwa siku ni barua 86 400. Kama kila moja ina uzito wa kilobaiti 5, hiyo ni zaidi ya mega 430 kwa siku, kazi ambayo hakuna mtu ameomba. Kwa ofisi inayonunua mega kwa kipimo, ni feza inayopotea kila siku.

Tatu, taa za ruta zinacheza wakati hakuna mtu anayefanya kazi. Ikiwa ni usiku, wafanyakazi wameenda, lakini umeme uko na taa ya inje inawaka-waka bila kupumzika, kuna mashini inayozungumza. Inaweza kuwa mashini inajipa programu mpya. Lakini hiyo inaisha. Spamu haiishi.

Ine, koneksion inakuwa nzito zaidi upande wa kutuma kuliko upande wa kupokea. Ofisi ya kawaida inapokea mingi na kutuma kidogo.

Kuangalia orodha nyeusi

Orodha inayotumiwa zaidi duniani ni ya Spamhaus, shirika lililoanzishwa London katika mwaka 1998 na Steve Linford. Kwenye ukurasa wake kila mtu anaweza kuandika adresi ya inje ya ofisi yake na kupata jibu bila kulipa.

Ni lazima kusoma jibu vizuri, juu orodha hazifanani. Ile inayoitwa PBL si mashitaka. Inasema tu kwamba adresi hiyo ni ya wateja wa kawaida, ambao hawapashwe kutuma imeli moja kwa moja kwenye mlango 25. Adresi mingi za modemu ziko mule, na hakuna mtu amefanya kosa. Ile inayoitwa XBL njo ya kuogopesha: inaandika adresi ambazo nyuma yake kuna mashini iliyotekwa.

Mara zingine jibu la XBL linatoa saa ambayo spamu ilionekana. Saa hiyo ni ushahidi mkubwa, lakini imeandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Kwa mikoa ya mashariki ya Kongo lazima kuongeza masaa mawili. Kama orodha inasema 21h10, kwetu ilikuwa 23h10. Basi swali ni hili: saa hiyo ya usiku, mashini gani ilikuwa bado inawaka? Kama ofisi inazimisha kila kitu saa 17h00 na grupu halifanyi kazi usiku, labda ni kompyuta ya mkononi ya mtu anayelala pale, ao ni jirani aliyepewa neno la siri la wifi.

Kutafuta kwa njia ya ruta

Njia iliyo bora ni kuuliza ruta, kwa sababu barua zote zinapita kwake. Kompyuta yenye virusi inaweza kudanganya mwenyewe. Rustock kwa mfano ilijificha ndani kabisa ya sistemu, hata antivirusi haikuiona. Lakini mashini haiwezi kuficha ruta barua inayotuma. Ushuhuda wa ruta una nguvu kuliko ushuhuda wa mgonjwa.

Fundi anaweka sheria moja ndani ya ruta: kila mashini ya ndani inayotaka kwenda inje kwenye mlango 25, ifungiwe, na jina lake liandikwe kwenye daftari ya ruta. Kama ofisi ina seva yake ya imeli, hiyo peke yake inaachiwa njia. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo ni mingi kwa wauzaji wa koneksion na kwa ONG, sheria hiyo inawekwa ndani ya Firewall, upande wa forward, itifaki tcp, mlango wa kufikia 25, kitendo drop, na alama ya log inawekwa.

Sheria hiyo inafanya kazi mbili kwa mara moja. Inazuia damu kutoka, ni kusema spamu inasimama mara moja hata mbele ya kujua mgonjwa. Na inaonyesha mgonjwa: nyuma ya dakika chache, ndani ya daftari, adresi moja ya ndani itarudia-rudia, mfano 192.168.1.23, mara mamia. Wafanyakazi wengine hawasikii kitu, juu imeli zao hazipiti mlango huo.

Kisha inabaki kujua 192.168.1.23 ni nani. Ruta ina orodha ya adresi ilizogawa (DHCP), pamoja na jina la mashini na namba ya kadi yake ya mtandao. Namba hiyo haifanani na ya mashini nyingine. Ofisi yenye daftari ya mashini zake, yenye kuonyesha kila namba na mtumiaji wake, itapata jibu kwa dakika tano. Ofisi isiyo na daftari itazunguka meza kwa meza. Angalisho: simu mingi za sasa zinabadilisha namba hiyo kwa kila wifi ili kulinda siri ya mwenyewe.

Wale wenye kutaka kuona zaidi wanatumia Wireshark ao tcpdump, programu za bure zinazosikiliza mtandao. Lakini fundi asidanganyike: akiweka Wireshark kwenye kompyuta yake mwenyewe iliyoungwa kwenye suichi ya kawaida, ataona tu maneno yake. Suichi haimpe mazungumzo ya wengine. Lazima kusikiliza kwenye ruta, ao kwenye suichi yenye uwezo wa kunakili mlango mmoja kwa mwingine.

Kama ruta haina daftari

Modemu ndogo mingi hazina uwezo huo. Hapo kuna njia ya zamani: kugawa kwa nusu. Tuseme ofisi ina mashini 16. Nane zinatolewa kwenye mtandao, nane zinabaki. Wanangojea nusu saa na kuangalia kama mega zinaendelea kukimbia wakati hakuna mtu anayetumia kitu. Kama zinaendelea, mgonjwa yuko kati ya zile zilizobaki. Kama zimesimama, yuko kati ya zile zilizotolewa. Wanagawa tena: ine, mbili, moja. Kwa majaribio mane tu, mashini 16 zinakuwa moja. Kazi hiyo ifanyike jioni, na wifi ibadilishiwe neno la siri kwanza, sivyo simu za watu zitaharibu hesabu. Kama wagonjwa ni wawili, alama itaonekana pande zote mbili. Hapo inaomba kuchunguza kila nusu pekee.

Kwenye mashini yenyewe

Mashini ikishakushukiwa, fundi anaweza kuiangalia yenyewe, wakati bado iko kwenye mtandao na mlango 25 umefungwa kwenye ruta. Kwenye Windows, anafungua dirisha la amri kama administreta na kuandika netstat -ano. Orodha inatokea ya mazungumzo yote ya mashini. Anatafuta adresi za inje zenye kuishia na :25. Neno SYN_SENT likirudia mara mingi kwenye mistari hiyo, maana yake mashini inagonga milango na haijibiwi, juu ruta imeizuia. Namba ya mwisho kwenye mstari ni ya programu inayofanya hivyo. Inatafutwa ndani ya meneja wa kazi wa Windows. Programu TCPView, ya bure ya Microsoft, inaonyesha mambo hayo kwa njia rahisi. Kwenye Linux amri ni ss -tnp.

Kama netstat haionyeshi kitu lakini ruta inaendelea kuandika adresi ya mashini hiyo, usiseme ruta imekosea. Ni alama kwamba virusi inajificha.

Si kila spamu ni virusi ya mashini

Kuna hali tatu ambazo watu wanachanganya.

Ya kwanza ni jina la kuiba. Mtu anapokea barua zinazorudi ambazo yeye hakutuma. Mara mingi ni kwamba mwizi ameandika adresi yake upande wa mtumaji, sawa vile mtu anaandika jina la jirani nyuma ya bahasha. Kuhakikisha, lazima kusoma kichwa kizima cha barua, mistari yenye kuanza na Received, kutoka chini kwenda juu. Kama adresi ya ofisi haimo, mashini zenu hazina kosa. Mwenye jina la domeni lake anaweza kupunguza ujanja huo kwa kuweka SPF, DKIM na DMARC.

Ya pili ni sanduku lililoibwa. Mwizi amepata neno la siri, na anatuma spamu akiwa kwake, kwa njia halali ya mlango 587 ao ya kivinjari. Hapo mlango 25 wa ofisi utakuwa kimya. Dalili zake ni barua zisizojulikana ndani ya fasi ya zilizotumwa, sheria mpya za kupeleka barua kwingine, ao alama ya mtu aliyeingia kutoka nchi ya mbali. Dawa si kusafisha mashini tu. Ni kubadilisha neno la siri, kufunga vipindi vyote vilivyo wazi, na kuweka uhakikisho wa hatua mbili.

Ya tatu ni ruta yenyewe. Ruta yenye programu ya zamani ao yenye neno la siri la kiwandani inaweza kutekwa pia. Katika mwaka 2018 kasoro ya ruta za MikroTik ilitumiwa kuteka nyingi ambazo wenyewe hawakuzipa programu mpya. Wezi wanawasha ndani yake huduma ya SOCKS, na kuipitisha trafiki yao. Hapo mashini zote za ofisi zitaonekana safi, na adresi itarudi kwenye orodha nyeusi kila mara. Fundi aangalie kama SOCKS imewashwa, kama kuna watumiaji asiowajua, na kama kuna kazi za kujirudia ambazo hakuziweka.

Karibu na hiyo kuna VPN za bure. Huku kwetu watu wengi walijifunza kutumia VPN wakati intaneti ilikatwa ao mitandao ya kijamii kufungwa, sawa vile nyuma ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Lakini si zote ni za kuaminiwa. Katika Mei 2024, wakuu wa sheria wa Marekani walitangaza kuvunja botineti 911 S5, iliyoteka mashini za Windows kwa njia ya programu za VPN za bure. Adresi milioni 19 za nchi karibu 200 zilikuwa zinakodishwa kwa wezi. Mtu alifikiri anapata mlango wa bure, kumbe mlango wake njo ulikuwa unauzwa.

Kusafisha

Mashini ikijulikana, itolewe kwenye mtandao: kebo na wifi pia. Kisha dokima zake zinakopiwa, dokima tu, si programu. Flashi iliyotumiwa ichunguzwe kwenye mashini safi mbele ya kuifungua.

Antivirusi inaweza kutoa virusi, lakini haina hakika kwamba imetoa zote. Njia ya uhakika ni kufuta diski na kuweka sistemu upya, kutoka chanzo halali. Windows ya kunakiliwa sokoni, iliyovunjwa kufuli, inaweza kuja na virusi ndani tayari. Hapo mtu anaosha shati kwa maji machafu. Kama feza ya Windows haiko, Linux ni ya bure.

Nyuma ya hapo, maneno ya siri ya yule aliyetumia mashini yabadilishwe yote, kwenye mashini nyingine iliyo safi. Virusi ya spamu mara mingi inaiba pia maneno ya siri.

Mwisho kabisa njo kuomba kutolewa kwenye orodha nyeusi. Wengi wanaanza na hatua hii, na njo kosa kubwa: adresi inatolewa asubuhi, mashini inatuma spamu mchana, adresi inarudi jioni, na safari nyingine kutolewa kunakuwa vigumu zaidi. Spamhaus haiombe feza ili kutoa mtu. Anayepiga simu na kusema «nipe dola niwatoe kwenye orodha» ni wa kukataliwa.

Sheria ya mlango 25 iachwe ndani ya ruta kwa siku zote. Brazili ilifanya hivyo kwa nchi nzima: nyuma ya kuwa juu kabisa kwenye orodha za spamu katika mwaka 2009, kampuni za simu zilipatana na wakuu wa intaneti kufunga mlango 25 kwa wateja wa nyumbani, na nchi ikashuka kwenye orodha hizo.

Mtu wa mashini si mwizi

Kuna jambo moja la kuangalia vizuri. Adresi ikionyesha mashini ya stajere ao ya mlinzi, haimaanishi kwamba yeye njo ametuma spamu. Yeye pia ameibiwa. Labda alifungua dokima iliyotoka kwa imeli ya rafiki. Labda flashi ilitoka siber. Ofisi inayoadhibu mtu wa kwanza aliyepatikana inafundisha wengine kuficha. Safari nyingine, mtu akiona mashini yake inafanya mambo ya ajabu, atanyamaza, na ugonjwa utaendelea miezi.

Pia, kutafuta spamu si ruhusa ya kusoma barua za watu. Kuangalia mlango, adresi na saa inatosha. Mkubwa wa ofisi aambie wafanyakazi mbele kwamba mtandao unachunguzwa na kwa sababu gani. Kongo ina sheria yake ya mambo haya, Code du numérique, iliyotolewa kwa ordonnance-loi ya tarehe 13 Machi 2023. Inaadhibu kuingia ndani ya sistemu ya mtu bila ruhusa, na inalinda habari za pekee za watu.

Kuzuia

Mambo ya kuzuia si mengi, na karibu yote hayaombe feza. Kila mfanyakazi atumie konti ya kawaida, si ya administreta. Windows na ruta zipewe programu mpya. Kama mega ni ghali, hilo lifanywe usiku wakati bei ni ndogo, ao mashini moja ipakue kwa ajili ya zote. Neno la siri la kiwandani la ruta libadilishwe siku ya kwanza. Wageni wapewe wifi yao pekee, isiyogusa mashini za kazi. Flashi zisifunguke zenyewe. Daftari ya mashini iandikwe: namba ya kadi, jina, fasi, mtumiaji. Na mashini zizimwe jioni, juu mashini iliyozimwa haitumi kitu.

Kwa kufupisha, mpangilio wa kazi ni huu: soma ujumbe uliorudi, angalia orodha nyeusi na saa yake, funga mlango 25 na uandike wanaogonga, tambua mashini, itoe, isafishe, badilisha maneno ya siri, kisha njo uombe kutolewa kwenye orodha. Nyuma ya hapo, fundi asome daftari ya ruta siku mbili ao tatu zaidi. Ikibaki nyeupe, barua ya shirika inaweza kutumwa tena, na safari hii itafika.